Somo: Kufufua kichwa cha treni ya modeli ya N na Z, kuanzia reli hadi dekoda

Vichwa vingi vinavyosemwa kuwa "dekoda imeungua" havina dekoda iliyoungua (dekoda ni saketi ndogo ndani ya kichwa inayopokea amri za dijiti kupitia reli na kuendesha mota na taa). Vina magurudumu machafu, vibamba vya kuchota umeme vilivyopinda, au brashi za mota zilizokwisha. Dekoda nzima hutupwa, mpya huwekwa mahali pake, na hiyo mpya ndiyo huungua kweli, kwa sababu shoti ilikuwepo tangu mwanzo na hakuna aliyeitafuta. Hilo linaniuma, na ndiyo maana somo hili lina msisitizo mmoja: pasi ya kulehemu isipate moto kabla mita haijakuonyesha tatizo lilipo.

Nazungumzia kipimo cha N (1:160, upana wa reli milimita 9) na Z (1:220, milimita 6.5). Kanuni ni zilezile kwa modeli kubwa, ila kule una nafasi ya kupitisha kidole. Huku dekoda ya Next18 (aina ndogo yenye plagi ya pini 18) ina urefu wa milimita 15 na upana wa 9.5, na waya wake ni mwembamba kuliko sindano ya kushonea.

Andaa mita yenye mlio wa kupimia mwendelezo, kibano chenye ncha kali, bisibisi ndogo, alkoholi ya isopropili, vijiti vya pamba, utepe wa Kapton (ule wa rangi ya dhahabu usioungua), pasi yenye ncha nyembamba, risasi ya kulehemu ya nusu milimita na flaksi (dawa inayosaidia risasi kushika). Kioo cha kukuzia si anasa katika kazi hii.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa liko kwenye kichwa

Weka kichwa kingine kizima mahali palepale kwenye reli. Nacho kikigoma, tatizo ni reli au waya zake, acha kufungua chochote. Kizima kikitembea, rudisha mgonjwa na umsukume polepole kwa kidole. Akishtuka na kwenda kidogo, kisha akasimama, uwezekano mkubwa ni uchafu. Safisha magurudumu kwa alkoholi, jaribu tena. Wengi mtaishia hapa.

Hatua ya 2: Kufungua

Bodi ya juu, yaani ganda la kichwa, hushikiliwa na vindoano vya plastiki. Ingiza vipande viwili vya kadi nyembamba pande zote mbili, ipanuke kidogo, kisha ivute juu. Usitumie bisibisi kuchokonoa. Fanyia kazi ndani ya trei yenye kingo, maana springi za brashi zikiruka hazionekani tena. Piga picha kila unapotoa kitu, hasa mkao wa vibamba vya shaba.

Hatua ya 3: Fuata umeme kutoka gurudumuni

Toa dekoda kwanza. Kisha pima kutoka kwenye kila gurudumu hadi mahali ambapo umeme wa upande huo unaingia kwenye bodi ya saketi. Usomaji uwe ohmu moja au mbili, usizidi. Gurudumu lenye mpira wa kukamatia reli halipitishi umeme, kwa hiyo usilihesabu kuwa bovu.

Ukiona usomaji unarukaruka unapozungusha gurudumu, kibamba kinagusa kwa kubahatisha. Kisafishe, kikunje kidogo sana ili kibonyee nyuma ya gurudumu bila kulibana. Kikibana mno, kichwa kitakuwa kizito na mota itavuta umeme mwingi bila sababu.

Hatua ya 4: Mota peke yake

Gusa vituo vya mota moja kwa moja kwa betri ya volti 9, dekoda ikiwa nje. Ikizunguka vizuri, mota ni nzima, kosa liko kabla ya umeme kuifikia. Ikigoma au ikitoa cheche nyingi, pima ohmu kati ya vituo hivyo huku ukizungusha roho ya mota taratibu kwa vidole. Namba zinapaswa kukaribiana kila mahali. Zikipotea kabisa sehemu moja, waya wa koili umekatika au brashi haigusi. Zikianguka karibu na sifuri, vumbi la kaboni limejaza nafasi kati ya vipande vya komyuteta (pete ya shaba inayoguswa na brashi). Lichokoe kwa kijiti cha mbao, umalizie na alkoholi. Na mafuta yasiwe mengi. Yakifika kwenye komyuteta huchanganyika na vumbi hilo na kugeuka uji mweusi unaopitisha umeme.

Andika usomaji wako. Mota ya ohmu 20 kwenye volti 12 ikikwama itavuta hadi ampea 0.6. Dekoda nyingi za N huhimili kati ya ampea 0.5 na 1, kwa hiyo namba hiyo ndogo inakuambia kama dekoda unayotaka kuweka itaishi.

Hatua ya 5: Mota isiguse reli

Ombi langu, hatua hii msiiruke. Kwenye treni ya umeme wa kawaida usio wa dijiti, mota huunganishwa moja kwa moja na reli, na watengenezaji wengi waliacha fremu ya chuma ifanye kazi ya waya. Vichwa vingi vya N vina fremu ya vipande viwili, kila kipande kikiwa na umeme wa reli yake, vikitenganishwa na vikingio vya plastiki. Dekoda hailiwezi hilo. Waya za chungwa na kijivu za mota zikigusana na reli popote pale, hata kwa kufumba na kufumbua, transista za kuendesha mota huungua.

Dekoda ikiwa nje, weka ncha moja ya mita kwenye kituo cha mota na nyingine kwenye gurudumu la kushoto, kisha la kulia. Rudia kwa kituo cha pili. Mara zote nne mita inyamaze. Hapo usiridhike. Acha ncha za mita zikae palepale, kisha bonyeza fremu kwa kidole gumba, geuza bogi (fremu ndogo inayobeba magurudumu) kushoto na kulia kama inavyokata kona, inua kichwa kwa upande mmoja. Ukisikia mlio mfupi hata mara moja, umempata muuaji. Mara nyingi ni ulimi wa springi ya brashi unaogusa fremu. Safisha mafuta mahali hapo, bandika Kapton, kata ziada kwa wembe, pima upya.

Angalia pia kapasita ndogo zilizolehemiwa kwenye mota ili kuzuia mikwaruzo ya redio. Kwenye umeme wa kawaida hazina shida. Kwenye dijiti huvuruga uwezo wa dekoda kupima kasi ya mota, na zile zinazounganisha mota na reli ziondoe kabisa.

Hatua ya 6: Sasa ichunguze dekoda

Itazame kwa kioo cha kukuzia. Kipele juu ya chipu, shimo dogo, doa la kahawia au harufu kali ya plastiki iliyoungua, hiyo imekwenda. Ikionekana safi, irudishe na uiweke kwenye reli ya programu (kipande cha reli cha kusomea na kuandikia mipangilio ya dekoda), si reli kuu. Reli ya programu inayofuata viwango vya NMRA (chama cha treni za modeli cha Marekani) huzuia umeme usizidi miliampea 250, hivyo kosa lililobaki lina nafasi ndogo ya kuleta madhara. Kama kifaa chako hakina reli hiyo, weka rezista ya ohmu 100 yenye wati 5 kwenye waya mmoja wa reli wakati wa jaribio la kwanza.

Soma CV1, yenye anwani ya kichwa (CV ni mpangilio wenye namba uliohifadhiwa ndani ya dekoda). Ikisomeka, dekoda inafikiri. Ikiwa inasomeka lakini kichwa kina tabia za ajabu, irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani: kwa dekoda nyingi, zikiwemo za watengenezaji ESU na Zimo, andika 8 kwenye CV8. Anwani itarudi kuwa 3.

Hatua ya 7: Kulehemu dekoda mpya

Rangi za NMRA ni hizi: nyekundu reli ya kulia, nyeusi reli ya kushoto, chungwa na kijivu mota, nyeupe taa ya mbele, manjano taa ya nyuma, buluu chanya ya pamoja ya taa. Kijani na zambarau ni za kazi za ziada. Usiamini rangi za waya za kiwandani ndani ya kichwa, amini mita.

Pasi iwe kati ya nyuzi 320 na 350 za Selsiasi. Paka risasi kidogo kwenye waya, kidogo kwenye bodi ya saketi, weka flaksi, kisha viguse pamoja kwa sekunde mbili tu. Kiungo kizuri hung'aa na kutambaa kwenye waya. Kilichojikunja kama shanga hakijashika. Fungua dirisha, na unawe mikono kabla ya kula, maana risasi nyingi bado zina madini yenyewe ya risasi ndani. Waya ziache na urefu wa kutosha kufika pembeni bila kuvutika, lakini zisikae karibu na gia. Dekoda usiizungushie utepe mzima, inahitaji kupoa. Weka Kapton upande unaotazama chuma tu.

Kwa taa, kila LED iwe na rezista yake. LED nyeupe hula takribani volti 3; kwenye volti 12 zinabaki 9, na rezista ya ohmu 1,000 inaipa miliampea 9. Huo ni mwanga mkali mno kwa kichwa kidogo. Mimi hupendelea ohmu 4,700, mwanga unakaa kama wa taa halisi. Balbu za zamani zitoeni: zinavuta umeme mwingi na joto lake huyeyusha bodi ya juu.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimefuata hatua zote, mota inazunguka kwa betri ikiwa nje, lakini kwenye reli ya programu naambiwa dekoda haijibu. Nimebadilisha dekoda, ni vilevile. Zote mbili zimekufa?

Jibu: Marahaba. Nadhani zote mbili ni nzima. Dekoda hujibu kwa kuvuta umeme ghafla, angalau miliampea 60 kwa milisekunde 6, na umeme huo kwa kawaida huupitisha kwenye mota. Ndiyo maana unaona kichwa kikitikisika kidogo unaposoma CV. Kama njia kati ya dekoda na mota imekatika, haina pa kuvutia umeme, kwa hiyo inasikia lakini haiwezi kujibu. Pima kutoka kwenye soketi ya dekoda hadi vituo vya mota. Kwenye vichwa vingi vya N mota hugusana na bodi ya saketi kwa ulimi wa shaba tu, na ulimi huo ukishuka kidogo unapofunga skrubu, mawasiliano yanakatika.

Swali: Ahsante, ulimi mmoja ulikuwa umeinama kweli. Sasa inasomeka. Je, niulehemu kabisa?

Jibu: Hapana, uinue tu kwa kibano. Ukiulehemu, siku ya kutoa mota utang'oa njia ya shaba kwenye bodi.

Swali: Fundi, dekoda yangu ni ya pini sita, NEM 651 (kiwango cha Ulaya cha soketi). Nimeichomeka, kichwa hakiendi, taa zinawaka ovyo. Kuna moshi unakuja?

Jibu: Zima sasa hivi, uigeuze. Pini 3 na 4 ni za reli na ziko katikati, kwa hiyo dekoda ikichomekwa kinyume bado inapata umeme, ila mota na taa zimebadilishana nafasi. Mara nyingi haiharibiki, lakini usiiache hivyo. Tafuta alama ya pini 1 kwenye bodi, na waya wa chungwa uwe upande huo. Jambo jingine kuhusu soketi hii: haina pini ya buluu. Taa hurudisha umeme kupitia reli, na ndiyo maana kwako zinaweza kuonekana hafifu hata kila kitu kikiwa sawa.

Swali: Kichwa changu kinatembea vizuri bila bodi ya juu. Nikiirudisha, kituo cha kuongozea treni kinajizima kwa shoti. Naanzia wapi?

Jibu: Bodi inabonyeza kitu. Toa dekoda, rudisha bodi ya juu, pima reli kwa reli kupitia magurudumu, kisha mota kwa reli kama hatua ya 5. Tazama ndani ya bodi kama kuna mkwaruzo au rangi ya metali iliyosuguliwa. Vioo na mikono ya dereva mara nyingine hushuka hadi kwenye waya. Ukiona waya uliobanwa, usiufunike kwa utepe tu, upitishe njia nyingine.

Swali: Mwalimu, kichwa changu kidogo cha magurudumu manne kinasimama kila kinapovuka swichi ya reli (pale njia zinapogawanyika). Nimesikia kapasita inasaidia. Naiweka kwenye waya nyekundu na nyeusi?

Jibu: La, usithubutu. Kwenye nyekundu na nyeusi kuna umeme wa reli unaobadilika upande maelfu ya mara kwa sekunde. Kapasita yenye chanya na hasi itapasuka. Inakaa kati ya waya wa buluu na hasi ya ndani ya dekoda, ambayo mtengenezaji huionyesha kwenye karatasi ya maelezo. Weka rezista ya ohmu 100 ya kuichaji taratibu, na dayodi sambamba nayo, mkia wenye mstari ukielekea buluu, ili umeme utoke bila kuzuiwa.

Kapasita tano za tantalamu za maikrofaradi 220 zikiwekwa sambamba zinakupa 1,100. Mota ikivuta miliampea 100, na volti zikishuka kutoka 12 hadi 6, hiyo ni kama milisekunde 66. Inaonekana ndogo, lakini kwa pengo la swichi inatosha. Chagua za volti 25, na uwe makini sana na alama: mstari kwenye tantalamu bapa unaonyesha chanya, wakati kwenye kapasita za mkebe mstari unaonyesha hasi. Ukishaifunga, huenda kusoma CV kwenye reli ya programu kukasumbua, kwa hiyo maliza mipangilio yako kwanza.