Kabla ya kununua beji ya kale ya jeshi, pima hivi

Ukiwa na beji mbili za jeshi zinazofanana, usikimbilie kuamua kwa uzito peke yake. Nakala nene ya zinki inaweza kulingana kabisa na beji halisi nyembamba ya shaba. Kinachosema kweli ni uzito ukigawanywa kwa ujazo.

Tafuta mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Pima beji ikiwa kavu. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, na uining'inize beji kwa uzi mwembamba hadi izame yote bila kugusa kuta wala chini. Gramu unazosoma sasa ndizo sentimita za ujazo za beji. Mfano: gramu 18 ikiwa kavu, gramu 2.1 ndani ya maji, jibu ni karibu 8.6. Hiyo ni shaba iliyochanganywa na zinki. Ukipata karibu 7.1, ni zinki. Fedha hupita 10, aluminiamu ni 2.7 tu.

Zinki peke yake haithibitishi ughushi! Beji nyingi za Ujerumani zilianza kwa aloi ya shaba, zikahamia zinki vita vya pili vilipozidi kukaza. Linganisha na kipindi chake.

Pini ya chuma na rangi ya kioo iliyopakwa juu ya beji hupotosha hesabu kidogo. Msalaba wa Chuma, nishani ya kijeshi ya Ujerumani, usiutumbukize kabisa, kiini chake cha chuma hushika kutu. Huo ujaribu kwa sumaku.