DHIS2 kwenye laptopu: mafunzo ya MTUHA bila kutegemea bando

Ukumbi wa mafunzo wilayani una viti, maji ya kunywa na soketi mbili. Intaneti ni bahati yako. Mimi huwafundisha watunza takwimu wa zahanati kuingiza ripoti za MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya) kwenye DHIS2, na siku hizi sisubiri bahati: seva naibeba begani, kuanzia stendi ya Nanenane hadi Mpwapwa.

DHIS2 ni mfumo huria wa kukusanya takwimu za afya, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na yeyote anaruhusiwa kuupakua. Tutauendesha kwa makontena mawili, yaani vifurushi vinavyobeba programu na kila inachohitaji: moja lina DHIS2 pamoja na Java na Tomcat yake (seva ya wavuti), la pili lina hifadhidata ya PostgreSQL yenye PostGIS (nyongeza ya data za ramani).

Hatua ya 1: Docker

Docker ndiyo programu inayoendesha makontena. Kwenye Windows, sakinisha Docker Desktop na WSL 2 (sehemu ya Windows inayoendesha Linux). Ikigoma kuwaka, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) uwashe virtualization. Mara nyingi tatizo ni hilo tu. Linux haina maneno mengi. RAM iwe GB 8. Kwa GB 4 mashine itakoroma, na washiriki watakuangalia wewe.

Hatua ya 2: Mafaili matatu

Tengeneza folda moja. Ndani yake weka `compose.yaml`:

```
services:
  db:
    image: postgis/postgis:14-3.4
    environment:
      POSTGRES_USER: dhis
      POSTGRES_PASSWORD: dhis
      POSTGRES_DB: dhis
    volumes:
      - data:/var/lib/postgresql/data
      - ./anza.sql:/docker-entrypoint-initdb.d/anza.sql:ro
  web:
    image: dhis2/core:41
    ports:
      - "8080:8080"
    volumes:
      - ./dhis.conf:/opt/dhis2/dhis.conf:ro
volumes:
  data:
```

Tumia nafasi, usiguse Tab. Faili la pili ni `dhis.conf`:

```
connection.url = jdbc:postgresql://db/dhis
connection.username = dhis
connection.password = dhis
```

Hapo kwenye `db` wengi huandika `localhost`, halafu wanahangaika mchana kutwa. Kontena likisema `localhost` linajitaja lenyewe; jirani yake huitwa kwa jina lililo kwenye `compose.yaml`.

La tatu ni `anza.sql`:

```
create extension if not exists btree_gin;
create extension if not exists pg_trgm;
```

Faili hili husomwa mara moja tu, hifadhidata ikiwa bado tupu. Ukilisahau na kuliongeza baadaye, halitasomwa.

Hatua ya 3: Washa kwa zamu

Fanya hii ukiwa mjini, kwenye intaneti ya uhakika. Amri zote andika kwenye terminal, ukiwa ndani ya folda yako.

```
docker compose up -d db
docker compose logs -f db
```

Subiri mstari `database system is ready to accept connections`. Mara ya kwanza unatokea mara mbili, kwa sababu PostgreSQL huwaka, hujiandaa, hujizima, kisha huwaka tena. Ngoja wa pili. Bonyeza Ctrl+C, ndipo uite mwenzake:

```
docker compose up -d web
docker compose logs -f web
```

Ukiziwasha zote kwa pamoja, DHIS2 inaweza kubisha hodi kabla mwenye nyumba hajaamka. Tomcat itabaki hai, lakini kivinjari kitakupa 404 (ukurasa haupo). Dawa yake ni `docker compose restart web`.

Ukiona `Server startup in`, fungua `http://localhost:8080`. Jina ni `admin`, nywila ni `district`. Badilisha nywila papo hapo, maana dunia nzima inaijua.

Hatua ya 4: Vituo

Mfumo mpya ni mtupu kabisa. Ndani ya DHIS2, fungua programu ya Maintenance utengeneze ngazi: Tanzania, mkoa wa Dodoma, halmashauri, kisha zahanati za mfano. Tarehe ya kufunguliwa kituo weka ya zamani, maana mfumo haupokei ripoti ya mwezi ambao kituo kilikuwa hakijafunguliwa. Halafu mpangie `admin` vituo hivyo kwenye Users, la sivyo sehemu ya kuingiza data itakuwa tupu.

Majina na takwimu ziwe za kubuni. Usilete taarifa za wagonjwa halisi kwenye laptopu inayosafiri kwa basi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Hatua ya 5: Nakala

Usiku mmoja kabla ya safari niliandika `docker compose down -v` nikidhani nasafisha. Hiyo `-v` hufuta na hifadhidata. Vituo vyote nilivyovipanga kwa siku mbili vilikwenda, nikavirudia hadi alfajiri. Tangu hapo, kuzima kwangu ni `docker compose stop`, na kila jioni:

```
docker compose exec db pg_dump -U dhis -f /tmp/nakala.sql dhis
docker compose cp db:/tmp/nakala.sql .
```

Hatua ya 6: Flashi

```
docker save -o dhis2.tar dhis2/core:41 postgis/postgis:14-3.4
```

Amri hiyo hufungasha programu zote mbili kwenye faili moja. Nakili `dhis2.tar`, `nakala.sql` na folda yako kwenye flashi. Kwenye laptopu nyingine yenye Docker, `docker load -i dhis2.tar` inatosha, hakuna bando linaloliwa. Washa `db` peke yake, rudisha data, kisha washa `web`:

```
docker compose cp nakala.sql db:/tmp/nakala.sql
docker compose exec db psql -U dhis -d dhis -f /tmp/nakala.sql
```

Mistari kadhaa ya `already exists` itapita. Iache ipite.

Ukumbini

Ruta ndogo isiyo na laini inatosha. Unganisha laptopu, andika `ipconfig` (Linux ni `ip addr`), kisha andika anwani ubaoni, mfano `http://192.168.1.10:8080`. Firewall ya Windows ikiuliza, kubali. Umeme ukikatika laptopu itaendelea kwa betri, ila ruta itazimika. Mimi yangu naichomeka kwenye pawabenki tangu asubuhi.