Mtindi wa nyumbani kwa vijiko viwili tu

Hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, wanangu watatu humaliza kopo la yogati ya dukani kabla sijaketi. Ndipo nikaanza kugandisha mwenyewe: lita moja ya maziwa hutoa karibu lita nzima ya mtindi.

Mimi hununua maziwa asubuhi, yakishavuka na mashua kutoka Mokowe, upande wa bara. Yachemshe kwa moto mdogo ukikoroga yasishike chini, na yakifura yaache motoni dakika 10 zaidi. Mtindi utakuwa mzito. Kisha epua, subiri yapoe. Hapa ndipo wengi huharibu. Tia kidole kilichooshwa vizuri: ukiweza kuhesabu hadi kumi bila kuungua, na bado wahisi joto, yako tayari. Yakiwa moto zaidi utaua bakteria wanaogandisha. Yakipoa sana hawafanyi kazi.

Vuruga vijiko viwili vya yogati isiyo na sukari wala ladha katika kikombe cha maziwa hayo, urudishe sufuriani. Funika, zungushia kanga mbili, usiitikise kwa saa 6 hadi 8. Wakati wa kusi mimi huongeza blanketi. Mtindi ukishaganda, utie kwenye friji. Na kabla watoto hawajauona, teka vijiko viwili vya kugandishia tena kesho.