Herufi za Kikorea kwenye gridi: namna ya kuzipanga zisikushinde

Kama mteja ana klabu ya taekwondo hapo Kampala na anataka bango lenye Kikorea, usikopi tu neno ukalivuta mpaka lienee, litaharibika. Hangul, maandishi aliyoyatangaza Mfalme Sejong mwaka 1446, yanaipenda gridi, yaani mistari ya vijisanduku, kuliko hata herufi zetu za a be che, maana kila silabi inakaa kwenye mraba wake na miraba yote inalingana.

Tuchukue 우간다, yaani Uganda. Miraba mitatu, na kila mmoja umejengwa kivyake. Chora mraba wa vijisanduku 12 kwa 12 (12 inagawanyika kwa 2, 3 na 4, haisumbui). 우 inapangwa juu na chini: duara, kisha laini ya kulala inayopita karibu mraba mzima, halafu kamguu kanashuka katikati. Duara liache lizidi mstari wa gridi kidogo la sivyo litaonekana limenywea. 다 ni kushoto na kulia, ㄷ ipe vijisanduku kama 7 hivi, ㅏ isimame pembeni yake. Kazi iko kwenye 간, mle mna herufi tatu zinabanana: ㄱ juu kushoto, ㅏ kulia, ㄴ chini, kwa hiyo ㄴ uilaze iwe bapa, vijisanduku 3 au 4 kwenda juu basi, na ㅏ uikate mguu. Laini za 간 pia zipunguze unene kidogo, ukiziacha sawa na za 다 ule mraba utaonekana mweusi kuliko wenzake, rudi nyuma hatua mbili tatu finya macho utauona tu.

Ukiandika "Uganda" pembeni yake usipanue herufi zijaze miraba, wee liache neno lichukue nafasi yake, halafu shusha Kikorea ama pandisha Kilatini kwa jicho, hata kompyuta ikisema viko sawa.

Ukichoka na mraba angalia fonti ya mbunifu wa Kikorea Ahn Sang-soo ya 1985, mle kila herufi inabaki na umbo lake lile lile, kwa hiyo silabi zenye herufi ya chini zinaning'inia kuliko zingine. Kwa bango kubwa naipenda sana, kwa maandishi madogo hapana.

Kabla ya kupeleka Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapo Kampala, geuza maandishi yote yawe michoro, maana kompyuta nyingi za kuprinti hazina fonti ya Kikorea na utaletewa visanduku vitupu, na kwanza mtafute mtu anayesoma Kikorea akukagulie.