Kuvua kwa ndoano kutoka Goma: Kivu au ndani ya parke?

Ukiwa Goma, anzia Ziwa Kivu. Kwenye Ziwa Edward, ndani ya Parke ya Virunga, uvuvi umeruhusiwa kwenye vituo vitatu tu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Bila kibali, unaweza kunyang'anywa nyavu na pirogi (mtumbwi). Hata Kivu, pitia kwanza ofisi ya uvuvi, ulizia kibali cha mwaka, lipa, utunze risiti: ndiyo inayodaiwa ufukweni.

Sambaza, samaki wadogo wa Kivu, huvuliwa usiku kwa taa na wavu. Ndoano waachie tilapia. Tumia uzi wa milimita 0.20 hadi 0.25, ndoano ndogo namba 8 au 10, na kipande cha mnyoo kinachofunika ncha. Mnyoo mrefu hudokolewa mkia tu, ndoano inarudi tupu. Weka chambo kwenye kina cha mita 2 hadi 4, karibu na mawe au majani, asubuhi mapema. Chandarua cha mbu usiguse: kinazoa vifaranga, na ni marufuku.

Usikae kwenye mabonde ya chini ya ufukwe wakati hakuna upepo. Mazuku, gesi nzito isiyoonekana, hutuama humo na huua.