Namna ya kuisoma ripoti ya mtoto ikiandikwa Ewing

Jamani hii naiandika kwa wazee wa Unguja na Pemba, maana mtu anapewa ripoti ya mtoto ya Ewing, aina moja ya saratani ya mfupa, kule Dar, anapanda nayo boti, akifika Mkoani anaitoa kwenye bahasha ndo anaanza kujiuliza EWSR1-FLI1 (majina ya jeni mbili zilizoungana) ni mdudu gani.

Kwanza tafuta CD99, ni protini inayokaa juu ya seli. Ikiwa pozitivu inaelekea Ewing lakini peke yake haitoshi, hata baadhi ya limfoma (saratani ya seli za kinga) huwa nayo. Shuka mpaka kwenye vipimo vya jeni. FISH ya EWSR1, kipimo cha kuiangalia jeni kwa rangi inayong'aa, mara nyingi inasema tu jeni hiyo imekatika, haisemi imeungana na nani, basi muulize daktari. Kama asilimia 85 mwenzake huwa jeni ya FLI1, yaani kromosomu ya 11 na ya 22 zimebadilishana vipande, na kama asilimia 10 hivi ni jeni nyengine, ERG.

Hapo ndo penye ugonjwa wenyewe. Zile jeni mbili zikishaungana zinatoa protini moja ya ajabu, upande wa FLI1 unajua kuikamata DNA, upande wa EWSR1 una nguvu ya kuwasha jeni, ikawa kama mtu kaokota muhuri wa sheha anapita anagonga kila karatasi. Inapenda kutua pale herufi za DNA, GGAA, zinapojirudia rudia, sehemu ambazo kwenye seli ya kawaida zimefungwa kimya, ikishatua inaita protini nyengine zije kuifungua DNA iliyokunjwa, jeni za jirani zinawaka na seli inagawanyika tu. Na jeni za kuikomaza seli inazizima, khaa!

Mama mtu asilaumiwe: hii imetokea kwenye seli ya mtoto mwenyewe, si ya kurithi, wala si kwa vile alianguka mpirani skuli.

Dawa ya kuipiga protini hiyo moja kwa moja haijawa tiba ya kawaida, wanatumia kemo (vinkristini, doksorubisini, saiklofosfamidi, kwa zamu na ifosfamidi na etoposidi) pamoja na upasuaji au mionzi. Kuchua uvimbe kwa mafuta wacheni kabisa.

Ikiwa imeandikwa osteosakoma, saratani nyengine ya mfupa, usihangaike kutafuta muungano huu, ile tafauti, jeni zimevurugika pahala pengi, jeni ya TP53 inayozuia saratani ikiwemo.

Na kabla hujaondoka uliza kile kipande cha nyama kilichowekwa kwenye nta kiko wapi, kipimo kikitaka kurudiwa mara nyingi wanatumia hichohicho, mtoto hakatwi tena.