Jinsi ya kuifufua MGB nyumbani, kuanzia vizingiti vya milango

Mtu anayetaka kufufua gari la michezo la Uingereza kwa mara ya kwanza, akiwa na banda la nyumbani na jioni chache kwa wiki, ningemshauri achague MGB. Lilitengenezwa Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980, yakatoka zaidi ya 500,000, na kwa wingi huo vipuri vyake havijakatika sokoni. Hata bodi tupu nzima hupatikana, kwa kuwa kampuni ya British Motor Heritage ilianza kuitengeneza upya mwaka 1988 kwa kutumia mitambo ya awali. Mwongozo huu unahusu gari lisilo na paa la chuma, kwa sababu ndilo lenye matatizo makubwa ya bodi. Injini iliyokufa hufufuliwa kwa majuma machache. Bodi iliyopindishwa na mchomeleaji mwenye pupa inaweza kuumaliza mradi mzima.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kufungua nati yoyote

Tofauti na MGA iliyolitangulia, au Triumph TR6, MGB halina chasisi ya peke yake chini ya bodi. Bodi ndiyo inayobeba uzito, na kwa kuwa hakuna paa la kusaidia, sehemu kubwa ya nguvu za katikati imo katika vizingiti viwili vinavyopita chini ya milango. Kila kizingiti ni sanduku la tabaka: bati la nje tunaloliona, bati la katikati lililosimama wima, bati la ndani upande wa sakafu, na mhimili mwembamba unaofunga chini. Maji na matope huingia humo na kutulia, kwa hiyo kutu huanzia ndani, na kizingiti kinaweza kung'aa kwa rangi nzuri huku kimebaki maganda.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa cha gharama. Funga mlango, tazama uwazi ulio kati yake na bodi, kisha inua gari taratibu kwa jeki mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Uwazi ukibanana upande wa juu, au mlango ukikataa kufunguka, bodi inajikunja katikati. Pitisha pia sumaku iliyofungwa kitambaa. Mahali inapokataa kunata pana pati, yaani lipu ya kujazia, badala ya chuma. Mwisho, lala chini uangalie kama bati jipya limechomelewa juu ya lile lililooza, kwani hila hiyo ni ya kawaida sana, na gari lenye vizingiti viwiliviwili ni bovu kuliko lenye tundu linaloonekana.

Hatua ya 2: Vua kwa mpangilio, lakini acha milango

Tafuta spana za inchi. Nati na bolti nyingi za gari hili ni za inchi, na spana ya milimita inayokaribia kuenea itakula pembe zake kabla hujafika mbali. Piga picha kila kitu kabla ya kukivua, weka bolti za sehemu moja katika mfuko wake wenye lebo, na rudisha nati kwenye bolti yake pale inapowezekana.

Ng'oa betri na tangi la petroli mapema. Tangi limening'inia chini ya sakafu ya buti, na mvuke uliobaki ndani ya tangi "tupu" ni hatari kuliko petroli yenyewe, kwa hiyo lihifadhi mbali na banda kabisa. Vumbi la breki na klachi za zamani linaweza kuwa na asbesto: lilowanishe na ulifute, usilipulize kwa kompresa hata kidogo. Madigadi ya mbele yamefungwa kwa bolti na hutoka, ilhali ya nyuma yamechomelewa kwenye bodi. Milango iache mahali pake, kwa sababu utaihitaji kama rula katika hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Vizingiti

Gari langu la kwanza nililikata vizingiti vyote viwili Jumamosi moja, nikiwa nimeliegemeza juu ya stendi mahali palipokuwa rahisi kufikika. Jioni mlango wa kulia haukufunga tena, na ilinichukua miezi kuelewa kwamba kosa halikuwa la bawaba.

Egemeza bodi katika sehemu nne zilizo karibu na mahali pa ekseli, ili ikae kama inavyokaa barabarani, kisha tumia pimamaji kuhakikisha haikupinda kutoka pembe hadi pembe. Fanya milango yote miwili ikae sawasawa na upime uwazi wake juu, katikati na chini. Andika vipimo hivyo ukutani. Baada ya hapo chomelea vyuma vya kushikilia, kimoja juu na kimoja katikati, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, ukiviweka upande wa ndani ili mlango uendelee kufunga. Fanya upande mmoja hadi uishe ndipo uguse wa pili.

Bati la nje la kizingiti linaendelea chini ya madigadi ya mbele na ya nyuma. Kwa sababu hiyo, fundi mwenye haraka hukata kile kinachoonekana tu chini ya mlango na kuacha ncha zilizooza. Wewe ondoa madigadi ya mbele, kata kipande cha chini cha madigadi ya nyuma, na ufuate bati hadi linapoishia. Mishono ya kiwandani ni ya nukta: itoboe kwa keekee ya milimita 8, ukiishia kwenye tabaka la juu, kisha tenganisha kwa patasi nyembamba. Safisha hadi chuma cheupe, na paka praima ya zinki inayoruhusu kuchomelea katika nyuso zitakazofichika.

Kwa bati la unene huu mashine ya kuchomelea ya MIG yenye waya wa milimita 0.6 na gesi mchanganyiko wa agoni inafaa. Jizoeze kwanza kwenye vipande vya bati la unene uleule, uvipinde hadi uone kama mshono unakatika au chuma cha pembeni ndicho kinachochanika. Toboa matundu katika bati jipya na uyajaze kwa mchomeleo kuiga zile nukta za kiwandani. Penye mshono mrefu, choma sentimita moja, ruka hadi upande mwingine, acha chuma kipoe, kisha rudi. Joto lililokusanyika mahali pamoja ndilo linalovuta bodi. Kabla ya kila tabaka kufungwa kabisa, shika mabati kwa vibanio na ufunge mlango: uwazi ukiwa si ule ulioandikwa ukutani, simama urekebishe, kwa sababu baada ya mchomeleo wa mwisho hakuna kurekebisha.

Hatua ya 4: Rangi

Hapa ninamwachia mwenye chumba cha kupulizia. Rangi za kisasa za kuchanganya na kikaushio zina isosayaneti, ambazo huharibu mapafu, na barakoa ya kawaida haitoshi. Kazi yako ni msasa, praima, na baada ya rangi kukauka kujaza vizingiti nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yake.

Hatua ya 5: Injini na klachi

Injini ya sentimita za ujazo 1798 ni ngumu na yenye subira. Ikiwa imelala miaka mingi, ng'oa plagi, mimina mafuta kidogo katika kila silinda, acha siku kadhaa, kisha uizungushe kwa mkono. Pima mgandamizo, silinda dhaifu ikipata nguvu baada ya kijiko cha mafuta, ringi zimechoka, na isipopata, shuku vali au gasketi. Kama silinda hedi inatolewa, weka viti vigumu vya vali za kutolea moshi, kwa sababu injini hii ilisanifiwa kwa petroli yenye madini ya risasi, iliyokinga viti vya kawaida na ambayo Uingereza iliacha kuiuza kwa jumla mwishoni mwa 1999. Klachi nayo ibadilishe sasa, hata kama inaonekana nzima: kuifikia baadaye ni kuitoa injini upya.

Hatua ya 6: Breki na magurudumu

Mipira ya breki na sili za silinda hazikaguliwi, hubadilishwa. Mafuta ya breki hula rangi, kwa hiyo funika madigadi mapya. Kingpini za mbele, yaani pini ambazo magurudumu hugeukia, zinahitaji grisi mara kwa mara, na gari lililonyimwa grisi utalijua kwa usukani mzito. Kama rimu ni za spoku, usibadilishane habu za kushoto na kulia: nyuzi zake zinapingana ili nati ya katikati ijikaze gari linapokwenda, na ukizibadilisha zitajifungua.

Hatua ya 7: Umeme

Magari ya kabla ya mwishoni mwa 1967 yana chanya kwenye bodi, si hasi, na mengi yana betri mbili za volti 6 nyuma ya viti. Thibitisha kabla ya kuunganisha. Rangi za waya za Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hili, ni lugha rahisi: kahawia una umeme wakati wote, zambarau vilevile lakini kupitia fyuzi, mweupe huamka kwa swichi ya ufunguo, kijani ni huo mweupe uliopita kwenye fyuzi, na mweusi huenda kwenye bodi. Watu huilaumu Lucas kwa mengi, lakini hitilafu nyingi nilizokutana nazo zilikuwa waya mweusi uliofungwa juu ya kutu, au juu ya rangi mpya.

Hatua ya 8: Kuwasha na kurekebisha kabureta

Washa swichi na usikilize pampu ya petroli ya SU huko nyuma: inapaswa kugonga haraka, kupunguza, kisha kunyamaza. Ikiendelea, kuna uvujaji, au vali ya kuelea haifungi. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2.

Sawazisha kwanza hewa ya kabureta mbili, ndipo ugeuze nati ya jeti, inayopima petroli, upande mmoja wa nati kwa kila mara, injini ikiwa ya moto. Inua pistoni ya kabureta kiasi cha milimita moja. Mwendo wa injini ukipanda kidogo na kutulia, mchanganyiko ni sahihi. Ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Ukishuka au injini ikizima, ni chache. Kabureta ikikataa kutulia hata ukifuata haya yote, chunguza mhimili wa kipepeo chake (kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa), kwa sababu ukilika hupitisha hewa na hakuna nati inayoweza kuficha hilo.

Baada ya kilomita 800 za kwanza badilisha mafuta ya injini, pima upya nafasi za vali (milimita 0.38 injini ikiwa baridi), na uchukue vipimo vya ukutani uvilinganishe na uwazi wa milango, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake.